Dondoo muhimu: Kabla ya mtihani wa taifa
Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho jijini Bujumbura asingoje matokeo ndipo aulizie chuo. Aende akaone mwenyewe: Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa 1964, kina kampasi Mutanga na Kiriri, wanaosomea udaktari wako Kamenge, penye hospitali ya kufundishia. Anayetaka ualimu wa sekondari aulizie École Normale Supérieure.

Lugha ndiyo wengi huikumbuka wamechelewa. Nyumbani vyuo hufundisha zaidi kwa Kifaransa. Dar es Salaam na Kampala, miji ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Burundi iliingia 2007, ni Kiingereza. Ajinoe mapema.

Na ufundi je? Likizo moja kwenye gereji ya mtaa wa Buyenzi, mikono imejaa grisi na maelekezo yakitolewa kwa Kiswahili, itamwonyesha kama kazi anaiweza. Cheti akifuate baadaye, shule ya ufundi.