Mkutubi hodari ataonekanaje?

SWALI: Nasimamia maktaba ya chuo cha afya mkoani Singida. Kila Mei Mosi mfanyakazi hodari hutoka kwa wakufunzi au uhasibu. Wakutubi wangu nao watatambuliwa lini?

JIBU: Mei Mosi ya 2025 iliadhimishwa kitaifa hapo hapo Singida, Rais akatangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara serikalini kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mshahara hauko mikononi mwako. Ushahidi wa kazi uko.

Weka daftari kaunta. Usijaze idadi ya vitabu vilivyoazimwa, haimshtui mjumbe yeyote wa kamati inayomchagua mfanyakazi hodari. Andika swali lililoletwa na lilivyojibiwa: mwanafunzi wa uuguzi alitaka makala kuhusu kifafa cha mimba, mkutubi akamfungulia Hinari, mpango wa WHO wa majarida ya afya ulioanza 2002, kisha akamfundisha kutafuta mwenyewe.

Jina la mkutubi hodari lipendekezwe na wanafunzi na wakufunzi, si wewe. Na zawadi isiende kwa zamu kama upatu, maana hapo hata mvivu anasubiri mwaka wake. Cheti kizuri, lakini barua ya pongezi iingie kwenye jalada la utumishi la mshindi kabla ya tathmini.