Jino Bovu: Kuliponya au Kuling'oa?

Somo la Afya

1. Meno ya mtu

Keti karibu na mwenzako. Mwambie afungue kinywa, uhesabu meno yake. Kisha yeye ahesabu yako.

Mtoto mdogo ana meno 20. Hayo ni meno ya utoto. Mtu mzima aliyeota meno yote ana 32. Hayo ni meno ya ukubwa. Mtoto akifika miaka 6 hivi, meno ya utoto huanza kuanguka moja moja, na lile la mwisho huanguka karibu na miaka 12. Jino la utoto likianguka, jingine huota mahali pake. Lakini jino la ukubwa likitoka, hakuna jingine linalongoja nyuma yake.

Kuna magego manne ya kujua vizuri. Huota wakati mtoto ana miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, mawili juu na mawili chini. Hayaangushi jino lolote, kwani huota mahali patupu. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani ni meno ya utoto. Husema: "Liache lioze, litaanguka tu." Wanakosea. Magego hayo ni ya ukubwa, ni ya maisha yote.

2. Jino huoza namna gani?

Nje ya jino kuna ganda jeupe. Katika mwili wote wa mtu hakuna kitu kigumu kuliko ganda hilo. Chini yake kuna sehemu ya manjano, isiyo ngumu sana. Katikati kuna chumba kidogo, na ndani yake mishipa ya damu na mishipa ya kusikia maumivu. Chumba hicho hushuka ndani ya mizizi kama njia nyembamba. Jino la mbele kwa kawaida lina mzizi mmoja. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, gego la juu mitatu.

Juu ya meno hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mtu akila sukari, vijidudu navyo hula, vikatoa asidi, yaani maji makali. Asidi hiyo hulainisha ganda la jino. Mtoto anayelamba pipi asubuhi, anayetafuna muwa mchana na kunywa chai ya sukari nyingi jioni, meno yake hayapati nafasi ya kupumzika.

Ugonjwa huenda hatua kwa hatua. Kwanza alama nyeupe, kisha tundu dogo. Hapo jino haliumi. Tundu likifika sehemu ya manjano, maji baridi na vitu vitamu huuma, lakini uchungu hukoma upesi. Tundu likifika karibu na mishipa, uchungu hukaa sana, nao huja hata usiku bila jino kuguswa. Kisha siku moja uchungu hukoma. Mtu hufurahi na kusema: "Jino langu limepona." Halikupona. Mishipa imekufa. Ni kama moto uliozimika kwa sababu nyumba imekwisha kuungua. Baadaye ugonjwa hushuka mizizini mpaka mfupani, na usaha hujikusanya.

3. Nyumba moja, meno matatu

Kando ya ziwa Tanganyika aliishi mama mmoja, mwuza ndagala. Katika nyumba yake watu watatu walikuwa na meno mabovu: binti yake wa miaka 12, mtoto wake wa kiume wa miaka 9, na kaka yake, ambaye watoto walimwita mjomba.

Usiku mmoja binti hakulala. Alishika shavu lake akalia mpaka majogoo. Asubuhi mama akasema: "Mwanangu, twende dispensari, mganga aling'oe jino hilo. Na wewe kaka, twende pamoja. Jino lako limevunjika tangu zamani."

Mjomba akajibu: "Nendeni ninyi. Koleo la mganga halitaingia kinywani mwangu. Jino langu haliumi tena."

Basi mama akaenda na watoto wawili. Mganga akanawa mikono, akatwaa kioo kidogo, akamtazama binti. Gego la chini lilikuwa na tundu kubwa. Akamwuliza: "Ukinywa maji baridi, uchungu unakaa muda gani?"

Binti akajibu: "Unakaa muda wa kwenda kisimani na kurudi."

Mganga akaligonga jino polepole. Akalisukuma kwa vidole aone kama linatikisika. Halikutikisika. Akatazama fizi. Hazikuvimba.

Mama akasema: "Ling'oe basi, mganga, nirudi sokoni."

Mganga akajibu: "Mama, kuling'oa naweza sasa hivi. Lakini nikiling'oa, siwezi kulirudisha. Tulipime kwanza kwa maulizo manne. La kwanza: ni jino la utoto au la ukubwa? Hili ni la ukubwa. La pili: ugonjwa umefika wapi? Umefika katika mishipa, kwa hiyo kuziba tundu tu hakutoshi. La tatu: sehemu iliyobaki ina nguvu? Ndiyo. Kuta zake zimesimama na mizizi inashika. La nne: kuna mtu wa kuliponya, nawe unaweza kumfikia? Mimi sina vyombo vya kazi hiyo. Mganga wa meno yuko mjini."

"Naye atafanya nini?"

"Atapiga sindano ya ganzi, ili mtoto asisikie uchungu. Atafungua jino, atoe mishipa iliyougua, asafishe njia za mizizi, azijaze dawa mpaka chini, kisha alizibe. Pengine atalivika kofia ngumu, kwa maana gego lililochimbwa hivyo huvunjika upesi likiachwa wazi. Huenda mkarudi kwake mara mbili au tatu. Msiiache kazi katikati."

Mama akauliza: "Na gharama?"

"Sikufichi, mama. Kuponya ni ghali kuliko kung'oa, tena kuna nauli. Na hata jino lililoponywa vizuri linaweza kuharibika siku nyingine, lisipotunzwa."

"Likitolewa, mtoto atapata hasara gani?"

"Ataishi. Watu wengi wanaishi na pengo. Lakini meno ya jirani yatalalia pengo hilo, na gego la juu litashuka kwa kukosa mwenzake. Atatafuna zaidi upande mmoja. Naye ana miaka 12 tu."

Mama akanyamaza. Katika fundo la kitambaa chake alikuwa na akiba ya kununua mabati, maana nyumba ilivuja. Akamtazama binti, akatazama fundo lile. Mwisho akasema: "Mabati yatangoja masika mengine. Jino halingoji. Tutakwenda mjini."

Mganga akasema: "Basi nendeni juma hili. Leo jino hili linaponyeka. Likikaa miezi, kuta zake zitavunjika, na hapo hakutakuwa na la kuchagua."

Kisha akamwita mtoto wa kiume. Jino lake bovu lilitikisika sana, na chini yake jino jipya lilianza kuonekana. Mganga akasema: "Hili ni la utoto, na mwenzake yuko mlangoni." Akaling'oa mara moja. Halafu akamwambia mama: "Lakini jino la utoto lililo imara usiling'oe ovyo. Linalinda nafasi ya lile litakalofuata. Likitoka mapema, meno ya jirani husogea, na jino jipya huota upande."

4. Jino la mjomba

Mama na binti wakaenda mjini. Walipokuwa huko, shavu la mjomba likavimba. Akapata homa, akashindwa kula. Watu wakampandisha kwenye baiskeli, wakamsukuma mpaka dispensari.

Mganga akamwuliza: "Jino hili liliuma zamani, kisha likanyamaza?"

Mjomba akajibu kwa kichwa: ndiyo.

Mganga akalipima kwa maulizo yale yale. Lilikuwa jino la ukubwa, lakini lilikuwa limevunjika mpaka chini ya fizi. Mzizi wake ulipasuka, tena ulitikisika. Hapakubaki ukuta wa kushika dawa. Akasema: "Ndugu, jino hili hakuna mganga wa kuliokoa, hata mjini. Likikaa litakuharibu." Akapiga sindano ya ganzi, akaling'oa, usaha ukatoka. Akampa dawa, akamwagiza arudi kesho yake.

Mjomba alipopona akasema: "Niliogopa koleo, nikajiletea homa." Mganga akamjibu: "Hapo mwanzo lilikuwa na tundu dogo. Lingezibwa kwa siku moja, wala hungeliona koleo."

Binti naye alikwenda mjini mara tatu. Jino lake likasafishwa, likajazwa, likavikwa kofia. Masika yalipokuja, nyumba ilivuja tena, nao wakaweka sufuria chini ya matone. Lakini binti alikula ugali na ndagala kwa pande zote mbili za kinywa.

5. Mafundisho

Mama hakuchagua kuponya kwa sababu kung'oa ni kubaya. Alichagua baada ya kujua hali ya jino na kuhesabu alichonacho. Mzazi mwingine asiye na nauli, au anayekaa mbali kabisa na mganga wa meno, pengine atachagua kung'oa, wala si aibu. Jambo baya ni la tatu, yaani kuacha. Jino lililooza likiachwa kinywani, huharibu mfupa na huweza kutia sumu katika damu.

Uvimbe ukienea kwenye jicho au shingo, au mgonjwa akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, apelekwe hospitali siku ile ile. Ugonjwa huo unaweza kuua.

Usitie tumbaku, petroli wala maji ya betri katika tundu la jino. Usilaze kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwa maana huunguza nyama. Usimeze dawa za usaha kwa kujiamulia. Mganga akikupa, uvimbe hupungua, lakini jino lenyewe bado linataka kuponywa au kung'olewa. Tena using'olewe na mtu asiyefundishwa, mwenye vyombo visivyochemshwa. Chombo chenye damu ya mtu mwingine huweza kuleta ugonjwa wa ini au UKIMWI.

Aliyeng'olewa jino aume pamba safi muda wa nusu saa. Siku ya kwanza asisukutue kinywa kwa nguvu, asinyonye kwa mrija, asivute tumbaku. Kesho yake asukutue polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Damu isipokoma, arudi kwa mganga.

Na aliye na meno mazima ayatunze. Ayasugue mara mbili kwa siku kwa mswaki na dawa ya meno yenye floridi, na mara moja iwe kabla ya kulala. Vitu vitamu avile pamoja na chakula, si kutwa nzima. Akiona tundu, asingoje liume.

Kumbuka: Kuponya jino ni vema. Kung'oa si aibu. Kuacha lioze ndiko kubaya.

Maneno

Gego: jino la nyuma la kutafunia.
Ganzi: hali ya kutosikia maumivu.
Usaha: maji mazito ya kidonda.
Pengo: mahali pasipo na jino.

Maulizo

1. Mtoto mdogo ana meno mangapi? Na mtu mzima?
2. Kwa nini wazazi wengi hukosea juu ya gego la miaka 6?
3. Jino lililouma sana likinyamaza ghafula, je, limepona? Eleza.
4. Taja maulizo manne ya mganga. Jibu kila moja kwa jino la binti, kwa jino la mtoto wa kiume na kwa jino la mjomba.
5. Mama aliacha nini ili jino la binti liponywe? Kama wewe ungekuwa mama huyo, ungefanya nini? Toa sababu.

Kazi ya nyumbani

Tazama kinywa cha mdogo wako aliyepita miaka 6. Tafuta yale magego manne. Waonyeshe wazazi, uwaambie ni meno gani.