Mtu wa Kushi

JUMATANO

Soma Matendo 8:26–39. Luka anataja mambo gani kuhusu msafiri huyu kabla ya kusimulia ubatizo wake?

Kushi ya Biblia si nchi ya Ethiopia ya leo. Ilikuwa kusini mwa Misri kando ya mto Naili, katika eneo ambalo sehemu yake kubwa sasa imo Sudan. "Kandake" halikuwa jina la mtu bali cheo, kama "Farao" kwa Wamisri. Makao ya ufalme yalikuwa Meroe, ambako hadi leo yapo mapiramidi, magofu ya mahekalu na marundo ya mabaki ya uyeyushaji wa chuma.

Mwaka 1910, mwanaakiolojia John Garstang alichimbua huko Meroe kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaisari Augusto. Wakushi walikuwa wamepigana na Warumi mpakani mwa Misri na kuteka sanamu zao. Kichwa hicho kilikuwa kimefukiwa penye ngazi za hekalu, ili kila aingiaye apite juu yake. Huyo ndiye Kaisari anayetajwa katika Luka 2:1. Towashi alikuwa mtunza hazina wa taifa lililokuwa nje ya utawala wa Rumi, na alimjua Mungu wa Israeli kiasi cha kusafiri mbali kwenda kumwabudu.

Miaka michache baada ya Garstang, kati ya 1913 na 1916, Mmarekani George Reisner alichimba Kerma, mji wa Kushi wa zamani zaidi kuliko Meroe. Alikuta makaburi makubwa ya mviringo, na ndani yake sanamu za Wamisri. Akahitimisha kwamba waliozikwa humo walikuwa magavana kutoka Misri. Aliamini kwamba ustaarabu wa namna hiyo uliletwa na wageni wenye ngozi nyeupe zaidi, wala haukutokana na Waafrika weusi.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha vinginevyo. Charles Bonnet wa Uswisi, aliyefanya kazi Kerma kwa miaka mingi, alithibitisha kwamba ulikuwa mji mkuu wa Wakushi wenyewe, na makaburi yale ni ya wafalme wao. Mwaka 2003, karibu na hapo, kikosi chake kilipata shimo lenye sanamu saba zilizovunjwa za wafalme wa Kushi wa nyakati za baadaye. Mmoja wao ni Taharka, ambaye Biblia humwita Tirhaka (2 Wafalme 19:9).

Reisner alikuwa mchimbaji makini, na kumbukumbu zake hutumika hata sasa. Lakini alikuja na hukumu moyoni kabla ya kuona ushahidi, na ushahidi ulipokuwa mbele yake hakuutambua.

Soma Hesabu 12:1–10 na Yeremia 38:7–13. Wakushi wanaotajwa humo walitendewaje, nao walitenda nini?

Miriamu alinung'unika juu ya mke Mkushi wa Musa, na Bwana akamkemea. Wakuu wa Yerusalemu walimwacha Yeremia shimoni kwenye matope, lakini Ebedmeleki Mkushi alimwombea kwa mfalme na kumtoa kwa kamba na matambara. Filipo naye hakuuliza kwanza kama mgeni huyu alistahili. Alipiga mbio hadi kwenye gari, akasikiliza alichokuwa akisoma, akaanzia hapohapo kumhubiri Yesu. Na katika gombo lilelile la Isaya alilolishika, mbele kidogo ya sura ya 53, ilikuwamo ahadi kwa mgeni na kwa towashi (Isaya 56:3–7).

Ni mtu gani au kabila gani ambalo umekwisha kulihukumu kabla ya kulisikiliza? Utachukua hatua gani wiki hii kumkaribia mtu mmoja wa kundi hilo?

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini malaika wa Bwana alimtoa Filipo katika kazi iliyokuwa ikistawi Samaria (Matendo 8:5–8, 26) kwa ajili ya mtu mmoja?

2. Katika kanisa lenu, ni akina nani ambao karama zao hudhaniwa kuwa zimetoka kwa wengine, au hazitumiwi kabisa? Darasa linaweza kufanya nini?