Mwalimu Akimharibia Mtoto, Hakuna Kumalizana

Binti ana mimba, mwalimu anatajwa. Wazee wa pande mbili wanakaa, fedha inatoka, mwalimu anaomba uhamisho. Kwetu Kilwa, kama kwingine nchini, wapo wanaodhani hapo shauri limekwisha. Halijaisha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mzazi ni shahidi tu, hana uwezo wa kuisamehe. Na anayepokea fedha ili anyamaze anajitia hatiani mwenyewe.

Kwa Kanuni ya Adhabu, mwalimu anayelala na mwanafunzi wa kike aliye chini ya miaka 18 amebaka, hata binti akisema alikubali. Kifungo hakipungui miaka 30. Akiwa kidato cha sita na ameshatimiza 18? Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016: anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na miaka 30 pia. Wavulana wamelindwa vilevile, ingawa habari zao husemwa kwa kunong'ona: kumlawiti aliye chini ya miaka 18 ni kifungo cha maisha.

Fimbo, kwa bahati mbaya, bado inaruhusiwa, ila kwa masharti. Haizidi viboko vinne, inachapwa na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na inaandikwa kitabuni. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, kama yupo. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alikufa kwa kipigo; mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu wake kunyongwa.

Mtoto akibakwa, msimwogeshe wala msifue nguo zake. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi mchukue fomu ya PF3; hali ikiwa mbaya, tangulieni hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa ndani ya saa 72 tu, kwa hiyo aliye kisiwani Songo Songo asingoje kikao cha ukoo wakati mashua inaondoka. Kupiga namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Jirani anayejua naye anawajibika: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka atoe taarifa serikali ya mtaa au kijiji. Nidhamu ya mwalimu wa serikali iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, lakini hatua zake hazichukui nafasi ya mahakama.

Binti akishajifungua, Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unamruhusu kurudi darasani. Mkuu wa shule akikataa, mwombeni aandike sababu, kisha mpelekeeni afisa elimu Kilwa Masoko karatasi hiyo.