Ni Nani Aliye Hatarini Kutegemea Dawa Kali za Maumivu Baada ya Kubadilishiwa Goti au Nyonga?

Upasuaji wa kubadilisha goti au nyonga humrejeshea uwezo wa kutembea mgonjwa ambaye kiungo chake kimelika. Kwa kuwa maumivu ya siku za mwanzo huwa makali, wengi hupewa dawa za jamii ya afyuni, kama vile mofini, kodeini au tramadoli. Haja ya dawa hizo hupungua kadiri kidonda kinavyopona. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kuzimeza miezi mingi baadaye. Somo hili laeleza namna ya kuwatambua mapema.

Utegemezi si sawa na uraibu

Utegemezi ni mwili kuzoea dawa, hata ikikatishwa ghafla mgonjwa hutokwa jasho na kamasi, hupiga miayo, huharisha na kukosa usingizi. Hali ambayo mitaani huitwa arosto. Mraibu hushindwa kujizuia kutumia dawa ingawa anayaona madhara yake. Kumwita mraibu kila anayetegemea dawa humfanya afiche ukweli.

Utafiti unasemaje?

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 574. Kati ya wale ambao hawakuwa wakitumia dawa hizi siku ya upasuaji, asilimia 8.2 ya waliobadilishiwa goti na asilimia 4.3 ya waliobadilishiwa nyonga walikuwa wakizitumia miezi 6 baadaye. Kwa waliokuwa wakizitumia tangu awali, viwango vilikuwa asilimia 53.3 na 34.7.

Aidha, kupungua kwa maumivu ya kiungo kilichopasuliwa hakukutabiri nani angeacha dawa. Kilichohusiana na kuacha ni kupungua kwa maumivu ya mwili mzima. Kwa hiyo, kumuuliza mgonjwa habari za goti pekee hakutoshi.

Maswali ya kuuliza kabla ya upasuaji

1. Je, unatumia dawa ya jamii ya afyuni sasa? Kwa kiasi gani, na tangu lini?
2. Ni sehemu gani nyingine za mwili zinazokuuma?
3. Je, una sonona au wasiwasi mkubwa, au huona kwamba maumivu yako hayatakwisha kamwe?
4. Je, wewe au ndugu yako amewahi kupata tatizo la pombe au dawa za kulevya?

Majibu yatumikeje?

Majibu haya si hukumu. Karibu nusu ya wagonjwa wa goti waliokuwa wakitumia dawa kabla ya upasuaji hawakuwa wakizitumia miezi 6 baadaye. Na baadhi ya wasiokuwa wakizitumia walinaswa. Kumnyima dawa mwenye dalili za hatari ni kosa, kwani mwenye maumivu makali hushindwa kufanya mazoezi, na goti hukakamaa. Anachohitaji ni mpango: parasetamoli pamoja na dawa za kupunguza uvimbe iwapo figo na tumbo vinaruhusu, ganzi ya neva, dozi ndogo inayotosha, daktari mmoja wa kuandika dawa, na tarehe ya kuanza kuipunguza.

Kwa mgonjwa

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Usizichanganye dawa hizi na pombe wala vidonge vya usingizi, kwani pumzi yaweza kukatika. Usimgawie mwingine. Ukiwa umezitumia kwa majuma kadhaa, usiziache ghafla. Rudi kliniki upunguziwe hatua kwa hatua.