Kokwa ya Tende Dirishani: Harth ni Yetu, Zar' si Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ramadhani ilipokwisha, chumbani kwetu hapa Bujumbura ilibaki sahani ya kokwa za tende ambayo kila mmoja alingoja mwenzake aitupe. Nikachagua kokwa 7, nikazipanda kwenye vikombe vya mtindi na kuvipanga dirishani. Somo la leo limetokana na vikombe hivyo, pamoja na aya ambazo nilikuwa nimezisoma darasani nikazipita mbio.

Kabla ya kupanda, chukua kokwa moja uitazame kiganjani. Upande mmoja una mfereji, na ndani ya mfereji huo mna kijiuzi chembamba. Hicho ndicho fatil, kilichotajwa katika Suratun Nisaa 4:49. Utando mwepesi unaoizunguka kokwa ni qitmir, na umetajwa katika Suratu Fatir 35:13. Sasa igeuze mgongoni. Karibu na katikati utaona kidoa kidogo, kama mahali palipodonolewa na ndege. Hiyo ni naqir, nayo imo katika Suratun Nisaa 4:53 na 4:124. Qur'ani inavitaja vitu hivi kama vipimo vya kitu kidogo kabisa, kile ambacho mtu anakitema pamoja na kokwa bila kukifikiria.

Lakini naqir si kidoa cha bure. Kiinitete cha mtende kimelala chini yake, na wanazuoni wa lugha ya Kiarabu walikwisha kueleza zamani kwamba mtende huota kutoka hapo. Ukilijua hilo, isome tena aya ya 124: atendaye mema akiwa muumini, mwanamume au mwanamke, hatadhulumiwa hata kadiri ya naqir. Nilikuwa nikiielewa kwamba hatapunguziwa hata chembe. Maana hiyo ni sahihi. Ila sasa naona pia kwamba chembe yenyewe ni ile ambayo mti mzima hutokea.

Kwa anayetaka kujaribu, kazi si kubwa. Tende isiwe imepikwa wala kusindikwa kwa moto. Osha kokwa mpaka utelezi wote uishe, kwa sababu sukari ikibaki huleta ukungu. Iloweke siku 2, ukibadilisha maji asubuhi na jioni, kisha ifukie katika udongo uliochanganywa na mchanga, kina cha kama sentimita 2. Kikombe kitobolewe chini. Mtende ni mti wa joto, na joto la mji wetu linatosha, hata ndani ya chumba. Udongo uwe na unyevu tu. Mimi mwanzoni nilidhani maji mengi ni mapenzi mengi, na kokwa 2 zikaoza kwa namna hiyo.

Baada ya hapo kunakuja kungoja, na hapo ndipo nilipopata taabu. Mchicha huchomoza kwa siku chache, nyanya kwa wiki moja hivi. Kokwa ya tende huweza kukaa wiki kadhaa bila kukuonyesha chochote. Siku ya 17 nilishindwa. Nilikuwa peke yangu chumbani, nikachukua kijiko, nikafukua kikombe cha tatu. Nilikuta kitu cheupe kama mzizi, urefu wa nusu ya kidole, kimetoka pale pale kwenye naqir na kuelekea chini. Nikakivuta kidogo nione kimefika wapi, kikakatika.

Baadaye ndipo niliposoma jinsi mtende unavyoota. Kile cheupe hakikuwa mzizi hasa. Ni kikonyo kinachokibeba kiinitete na kukishusha ndani ya udongo, mbali na kokwa. Kikishafika chini ndipo mzizi wenyewe unapotokea kwenye ncha yake, na jani hutoka ubavuni mwake kupitia upenyo mdogo. Muda wote huo kokwa ngumu inayeyushwa polepole kutoka ndani, na chakula chake kinalisha mche. Kwa hiyo wiki zile ambazo juu ni udongo mtupu, kazi yote inafanyika chini. Allah anatuambia katika Suratul An'aam 6:59 kwamba hakuna punje katika giza la ardhi ila Yeye anaijua, na katika 6:95 anajitaja kuwa Mwenye kupasua punje na kokwa. Aya hii ya pili imezitaja zote mbili, punje na kokwa, kila moja kwa jina lake.

Tuje sasa kwenye maneno mawili ambayo ndiyo shina la somo. Katika Suratul Waaqia 56:63-64, Allah anawauliza watu juu ya wanachokilima: je, ni wao wanaokiotesha, au ni Yeye? Kiarabu kimetumia vitenzi viwili tofauti. Harth, yaani kutifua ardhi na kutia mbegu, kumenasibishwa na sisi. Zar', kwa maana ya kuotesha, kumerudishwa kwa Allah. Qurtubi katika tafsiri yake anapendekeza kwamba anayetia mbegu ardhini aombe kinga kwa Allah, asome aya hii, kisha akiri kuwa Allah ndiye anayeotesha na kufikisha zao mwisho wake. Anataja pia riwaya ya Abu Huraira (r.a.) inayomfundisha mtu aseme "nimelima" badala ya "nimeotesha".

Mwenzangu mmoja katika halaka aliuliza swali zuri hapa. Mbona Nabii Yusuf (a.s.) katika 12:47 anawaambia watu wa Misri kuwa watapanda miaka 7, na kitenzi ni kile kile cha zar'? Tena Suratul Fat'h 48:29 inawaita wakulima zurraa', wanaofurahi wanapoona mmea umetoa chipukizi, ukapata nguvu, ukanenepa na kusimama juu ya shina lake. Jibu la Qurtubi ni kwamba katazo hilo ni la adabu na kuelekeza, si la kuharamisha. Ukisema "nimeotesha mitende" hujakufuru. Muhimu ujue moyoni ni sehemu gani ya kazi iliyo yako.

Mimi sikuwa najua. Nimefeli mtihani wa nahau mara 2, na wanaonijua wanajua. Mara ya pili niliomba dua sana, usiku hata usiku. Matokeo yalipotoka nikaendelea kuswali kama kawaida, lakini dua niliiacha. Natoa salamu, nainuka. Hali hiyo ilikaa miezi, na sikumwambia mtu kwa sababu nasoma dini na niliona aibu. Nikizungumza na wenzangu nagundua si mimi peke yangu. Yupo aliyeomba karo, yupo dada aliyeomba mzazi apone, kila mmoja ana kikombe chake kisichochomoza.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alisema mja hujibiwa maadamu hafanyi haraka, na haraka yenyewe ni kusema kuwa nimeomba na sikujibiwa. Katika mapokezi ya Muslim mtu huyo huchoka, akaiacha dua. Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Ad-Daa' wad-Dawaa', anamfananisha na mtu aliyetia mbegu au kupanda mche, akawa anautunza na kuumwagilia, kisha alipoona umechelewa kukomaa akautelekeza. Niliposoma mfano huo nilikiangalia kikombe cha tatu.

Hata hivyo mfano usivutwe kupita kiasi. Kuna kokwa zilizokufa kweli, na dua ina majibu ya namna nyingi ambayo mmea hauna. Pia lazima niseme ukweli wa upande wa pili: katika mtihani ule nililaumu zar' ilhali harth yenyewe sikuifanya. Nilikuwa nasoma nahau wiki ya mwisho tu. Nililoweka kokwa sikuifukia, kisha nikauliza mbona haioti.

Neno kwa wanaoota kula tende zao wenyewe. Mche wa kokwa huweza kuwa dume au jike, na hujui mpaka utoe maua baada ya miaka. Hata ukiwa jike, tunda lake halifanani lazima na tende uliyokula. Ndiyo maana wakulima wa mitende hupanda fasila, chipukizi linalokatwa kwenye shina la mama yake. Fasila ndiyo iliyotajwa katika hadithi ya Anas (r.a.) kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, basi aupande akiweza. Mimi sikupanda kwa ajili ya tunda. Chumba chetu kiko ghorofani.

Leo ni siku ya 51. Vikombe 3 vina jani moja moja, jembamba na lililokunjwa kama jani la nyasi, na mgeni akiingia haamini kuwa huo ni mtende. Majani yaliyogawanyika huja baadaye sana. Kimoja bado ni udongo mtupu, nakipa maji kama wenzake na sijakifukua. Mtihani wa nahau naurudia baada ya wiki 3, na safari hii nimeanza mapema, dua na kitabu.

Kokwa zilizobaki nimezikausha na kuziweka kwenye kopo. Anayetaka aniulize baada ya swala ya Ijumaa, ila aje na chombo kirefu, maana mzizi wa mtende hukimbilia chini na vikombe vya mtindi vimeshaanza kuwa vifupi.

Wallahu aalam.