Mwili ukikataa dawa: kazi ya steroidi na hatari zake

Msomaji, huenda umewahi kumwona mtu aliyemeza tembe za Septrin akatokwa na vipele. Mara nyingi vipele hivyo huisha dawa ikiachwa. Lakini mara chache mwili huikataa dawa kwa ukali mno, na mgonjwa akicheleweshwa anaweza kufa.

Dawa zinazojulikana kwa jambo hili ni zenye salfa kama Septrin, kabamazepini ya kifafa na alopurinoli ya jongo. Madhara hayaji lazima siku ya kwanza. Huanza baada ya siku kadhaa, hata wiki nane, wakati ambapo mgonjwa haishuku dawa tena. Dalili za hatari ni homa pamoja na vipele, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, uso kuvimba, macho kuwa manjano, na ngozi kuuma, kufanya malengelenge au kuchunika.

Ukiona hayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo na ubebe dawa zako zote. Kuiacha dawa iliyoleta madhara ndiyo tiba ya kwanza. Mwenye kifafa atapewa nyingine badala yake.

Steroidi, kama vile prednisoloni, hutuliza kinga inayoushambulia mwili wenyewe. Ini, figo au mapafu yakiguswa, daktari huzitoa kwa wiki nyingi akizipunguza kidogo kidogo. Ukizikatiza ghafla, ugonjwa unaweza kurudi. Tena tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza steroidi za mwili, huwa zimelala, na mgonjwa anaweza kuzirai.

Ngozi inapochunika, madaktari hawajaafikiana juu ya steroidi, kwani hudhoofisha kinga dhidi ya viini. Hapo msingi wa tiba ni maji na utunzaji mwema wa ngozi na macho. Naye anayekosa pumzi dakika chache baada ya sindano au tembe anahitaji adrenalini kwanza, kwa sababu steroidi huchukua saa kadhaa kufanya kazi.

Kwa hivyo usijinunulie steroidi dukani. Huongeza sukari mwilini na zinaweza kuficha dalili za maambukizi.

Ukishapona, liandike jina la dawa iliyokudhuru kwenye kadi, uitembeze nayo na kumwonyesha kila daktari na muuza dawa. Kuimeza mara ya pili kunaweza kukuua.